Komeo Aingia Sokoni

Baba yangu alikuwa beki wa kushoto wa timu ya Karakana, na mashabiki walimwita Komeo kwa sababu upande wake ulikuwa haufunguki. Timu hiyo ilianzishwa na mafundi wa karakana ya treni. Uwanja waliujenga wenyewe siku za mapumziko, kwa mbao na mabati ya mabehewa mabovu. Jukwaa lilikuwa moja tu. Waliokosa nafasi walipanda ukutani. Uwanja uliinama kidogo kuelekea kona moja, na timu ngeni zilidai mafundi wamefanya makusudi. Karakana walichukua ubingwa miaka miwili mfululizo. Kisha karakana yenyewe ikafungwa, timu ikabaki yatima, ikaanza kuporomoka daraja baada ya daraja. Mwishowe uwanja ukauzwa, ukavunjwa, pakajengwa soko.

Baba aliapa hatatia mguu pale.

"Sinunui nyanya juu ya kaburi," alisema.

Mama hakuapa. Aliomba kibanda, akapata, akaanza kuuza sufuria na mabeseni. Sufuria hizo ndizo zilizotusomesha mimi na kaka yangu. Mzigo mpya ukija, baba alimsaidia mama kusukuma mkokoteni hadi langoni, akauacha hapo, akageuka. Majirani walipomcheka, mama aliwaambia, "Mwacheni. Kasusa mtungi, maji anakunywa."

Ikaenda hivyo miaka na miaka, hadi mama alipoteleza bafuni akavunjika mguu. Alirudi kutoka hospitali na plasta mpaka gotini. Kaka yuko mbali, mimi nina zamu kiwandani. Wateja wakaanza kupiga simu. Mama aliwajibu wavumilie, akaweka simu chini, akatazama upande wa baba.

"Usiniangalie hivyo, mama watoto."

"Sikuangalii. Naangalia funguo."

Funguo za kibanda zilikuwa mezani, mbele ya baba.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza hadi langoni. Alisimama kama mtu anayesita kuingia kwenye maji ya baridi, kisha akaingia. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Uwanja ule aliujua hata akifumba macho, lakini vichochoro vya soko vilimchanganya. Alizunguka, akajikuta amerudi kwa muuza vitunguu yuleyule aliyempita mwanzo.

"Shikamoo mzee. Umepotea?"

"Marahaba. Natafuta kibanda cha sufuria."

"Cha yule mama aliyevunjika mguu? Wewe ndiye mumewe?" Muuza vitunguu akapiga makofi. "Kumbe yupo! Sisi tulidhani ni mjane."

Akampeleka hadi mlangoni. Kibanda cha pili yake kilikuwa cha viatu vya mitumba, na aliyekaa ndani akipiga kiatu rangi alikuwa mwenyekiti wa mwisho wa Karakana, yule aliyetia saini uwanja uuzwe. Mama alikuwa jirani yake miaka yote hiyo, na nyumbani hakuwahi kumtaja.

"Kumbe umejificha huku," baba alisema.

"Nimejificha wapi, nami nipo sokoni mbele za watu? Karibu kiti."

"Sikai. Uliuza nyumba yetu."

Mwenyekiti hakuacha kupiga rangi. "Komeo, niliitisha mkutano mara tatu. Nilibandika matangazo, nikapita mitaani na kipaza sauti. Mara ya mwisho waliokuja hawakutimia hata timu moja. Wewe ulikuwa wapi?"

 Baba alikumbuka alipokuwa. Alikuwa kwenye banda la kuonyeshea mpira, amebanana na nusu ya mtaa mbele ya televisheni, anashangilia timu ya ng'ambo.

"Kulikuwa na mechi," alisema.

"Najua. Hata hapa kulikuwa na mechi, kila Jumamosi. Nilikuwa nahesabu mbuzi wengi kuliko watu."

Bahati ya baba, akatokea mteja, dada mmoja aliyetaka sufuria kubwa. Baba akataja bei. Dada akaomba apunguziwe. Baba akakaza. Dada akairudisha sufuria, akaanza kuondoka.

"Mpunguzie, bwana!" Mwenyekiti alifoka kutoka kibandani kwake. "Hii si mechi. Hapa mtu ukimwachia apite ndiyo unashinda."

Akampunguzia, dada akanunua.

Jioni baba alirudi amenuna, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji.

"Ulijua yuko pale?"

"Nilijua," mama alisema. "Jirani mwema. Nikitoka ananiangalizia vitu. Ningekuambia, ungenihamisha."

 Nilidhani baba harudi tena sokoni, lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka. Siku za mwanzo yeye na Mwenyekiti hawakusemezana, ila mmoja akienda kunywa chai, mwenzake alimlindia kibanda. Baadaye wakaanza kubishana kuhusu mabao ya zamani, na ubishi ukawapatanisha kuliko samahani yoyote. Ni Mwenyekiti aliyemwambia kwamba Karakana haikufa. Iko daraja la chini kabisa, inachezea uwanja wa shule, jezi zimepauka.

Jumamosi moja walifunga vibanda mapema, wakaenda pamoja. Karakana ilifungwa mabao matatu. Mama alikuwa mlangoni na magongo yake baba aliporudi, sauti imemkauka kwa kupiga kelele uwanjani.

"Vipi, mmeshinda?"

"Tushinde vipi? Yule mtoto wa upande wa kushoto anakaba kwa macho!" Akavua viatu kwa hasira. "Nimemwambia kocha wake Jumanne nakwenda mazoezini."

"Na kibanda?"

"Mguu wako si umeanza kupona?"

Mama alicheka hadi akalazimika kuketi.