Ziwa la Chiriku

Walimu wenzake walimwita Chiriku, naye hakuwa na la kujitetea. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwalimu wa darasa la pili, na mdomo wake haukujua likizo. Aliongea na wanafunzi, aliongea na chaki ikikatika, aliongea na sufuria ikichelewa kuchemka. Mumewe, fundi saa, mtu mpole wa maneno ya kuhesabu, alikuwa amemzoea kiasi kwamba siku mkewe akinyamaza alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Kiangazi kile shule zilipofungwa kwa likizo ndefu, Chiriku alijikuta hana wa kuzungumza naye mchana kutwa. Watoto wake walikuwa wamekwenda kujitegemea, mumewe yuko dukani, na redio haijibu. Wiki ya kwanza akapaka rangi mlango wa mbele. Wiki ya pili akaupaka tena mlango uleule. Dada yake mkubwa, muuguzi wa kliniki ya macho, alipopita kumjulia hali alishika mlango akatoka na kiganja cha kijani.

"Jumamosi vaa raba uje," dada alisema, akijifuta na gazeti. "Tuna watu wanaotaka kwenda kupanda vilima, na wa kuwaongoza hawatoshi. Ni kazi ya kujitolea, usije ukaniuliza habari ya malipo."

"Watu gani hao?"

"Wasioona."

"Sasa dada, mtu asiyeona anapanda kilima kutafuta nini?"

Dada yake alimtazama kwa jicho la kiuuguzi. "Na wewe ukipanda unatafuta nini? Saa moja kamili. Usichelewe."

Jumamosi hiyo, mahali magari yalipoegeshwa chini ya kilima, Chiriku alikabidhiwa mwanamke mrefu aliyevaa kofia pana ya jua, fimbo nyeupe ameikunja kwapani kama mwavuli. Walikuwa takriban rika moja. Mwanamke yule alikuwa amepokea simu hospitalini kwa miaka mingi, mpaka presha ya macho ilipomwibia nuru polepole, kwanza pembeni, kisha katikati. Sasa aliishi na kaka yake, dereva wa lori.

"Niite Kapteni," alisema, akinyoosha mkono mahali ambapo si pale Chiriku alipokuwa. "Niliongoza timu ya netiboli shuleni. Jina likaganda, na amri pia ziliganda. Nipe kiwiko chako. Tangulia nusu hatua. Usinivute, mimi si mkokoteni."

Wakaondoka. Na Chiriku, kwa kuwa aliambiwa kwamba kazi yake ni kueleza njia, akaona hii ndiyo kazi aliyoumbiwa.

"Mbele yetu kuna jiwe," alianza, "la kijivu, limekaa kama mkate uliokatwa ncha, na hapo pembeni kuna kimti kimejiinamia, kina maua ya zambarau, sijui ni maua gani yale, mama yangu alikuwa nayo uani, basi yeye alikuwa akiyamwagilia..."

Kapteni akajikwaa. Alijishikilia begani kwa Chiriku, wakayumba wote wawili kama walevi.

"Mwalimu," Kapteni alisema alipopata pumzi, "jiwe limenigonga wakati unanisimulia sura yake."

Chiriku aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini Kapteni alikuwa anacheka. Wakapatana hapohapo: wakiwa wanatembea, maneno mafupi. Jiwe. Mzizi. Panda. Shuka. Maneno marefu yasubiri wakikaa. Na kila Chiriku alipojisahau akaanza hadithi katikati ya mteremko, Kapteni alisema kwa ile sauti yake ya kazini, laini na baridi, "Tafadhali subiri kwenye laini." Chiriku alifunga mdomo. Hakuna mtu, hata mkuu wa shule, aliyewahi kumfunga mdomo kirahisi namna ile.

Ndivyo kiangazi kilivyoanza. Jumamosi moja walipita msituni, na Kapteni akataka kushika gome la kila mti, akaitofautisha kwa viganja, hili kavu, hili lina jasho, na mti mmoja Chiriku akamzuia asiuguse kwa sababu ulikuwa na nyuki. Jumamosi nyingine walivuka kijito kwa kukanyaga mawe, Kapteni akiwa amekunja sketi magotini, akihesabu kwa sauti kama anapiga mpira. Katikati ya wiki walianza kupigiana simu. Mara Kapteni akaalikwa nyumbani kwa Chiriku, akaketi na yule fundi saa, na wakaelewana sana kwa sababu wote wawili walipenda kusikiliza saa zikigonga bila mtu kusema chochote. Chiriku alikaa kati yao akitapatapa.

"Shoga, hivi hamchoki kunyamaza?" aliuliza.

"Tunapumzika," alijibu Kapteni. "Ukianza wewe, tunapumzika kwa zamu."

Kilichowaharibia ni kilima kikubwa.

Kilikuwa kilima ambacho kila mtu alikuwa akikizungumzia tangu mwanzo wa matembezi. Kutoka kileleni, walisema, unaliona ziwa lote, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Kapteni aliwahi kupanda akiwa msichana, kabla macho hayajaanza kumsaliti, na alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima: alinunua soksi mpya na akaanza kushuka na kupanda ngazi za nyumbani kwake kila asubuhi mpaka kaka yake akalalamika.

Siku ile ukungu ulianza kuwapokea katikati ya njia. Chiriku alidhani utapanda juu uwaache. Haukupanda. Walipofika kileleni, wakiwa hoi, Chiriku alitazama mbele asione kitu. Hata wenzao waliokaa karibu, wakifungua chupa za maji, walikuwa vivuli tu. Dada yake alikuwa bado nyuma sana na wale wa mwendo wa pole.

Kapteni aliketi, akavua kofia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na una furaha kama wa mtoto.

"Haya, tumekaa," alisema. "Maneno marefu yaruhusiwe. Liko wapi?"

Chiriku alifungua kinywa kusema hakuna kitu. Akaziona zile soksi mpya, zimejaa matope. Maneno mengine yakatoka.

"Liko mbele yako," alisema. "Lote. Limetulia kama kioo. Kuna mitumbwi mitatu, hapana, minne, na mmoja una tanga jeupe. Upande wa kushoto kuna wanawake wanafua, wametandaza nguo juu ya mawe, nyekundu, njano..."

Akaendelea. Alipoanza hakuweza kusimama, na kadiri Kapteni alivyotabasamu ndivyo Chiriku alivyozidi kutia chumvi. Akaongeza ndege. Akaongeza na mvulana anayeoga na mbwa wake. Kapteni alisikiliza, mikono magotini, akishusha pumzi, na mwisho akasema, "Asante, ndugu yangu." Neno hilo lilimfurahisha Chiriku njia nzima ya kushuka. Usiku lilimsumbua kidogo, lakini akalala.

Jumamosi iliyofuata Kapteni hakuja. Dada alisema amepiga simu, ana mafua. Chiriku alimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena jioni, na kesho yake. Siku ya tatu akafunga machungwa kwenye mfuko akaenda.

Aliyefungua ni kaka mtu, jibaba lenye mikono mizito na uso wa ucheshi.

"Aa, mwalimu wa ziwa!" alisema. "Karibu, karibu. Hilo ziwa lako limetuchekesha hapa mezani karibu tuvunje viti. Siku ile mimi nilikuwa napeleka mchanga ng'ambo ya hicho kilima, niliwasha taa mchana kweupe, sioni hata pua ya lori langu. Dada ananiambia mitumbwi! Ananiambia mbwa anaoga!"

Chiriku aliukumbatia mfuko wa machungwa. Kaka mtu alipoona hakuna anayecheka, alikumbuka kwamba ana tairi la kutazama nje, akatoka.

Kapteni alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, akikunja nguo zilizokauka. Hakuwa na mafua.

"Nimeleta machungwa," Chiriku alisema.

"Yaweke."

"Kapteni, mimi... nilikuona umechoka. Ulikuwa umejiandaa vile. Nilikuonea huruma."

"Nimeisikia hiyo huruma." Kapteni alinyoosha shati la kaka yake juu ya mapaja, akalikunja mkono kwa mkono. "Unajua niliwasimulia wangapi? Nilimsimulia mwenye duka. Nilimsimulia daktari wangu, na yeye akaitikia tu, ndiyo mama, vizuri mama. Sasa nakaa hapa najiuliza, ule mti wenye nyuki ulikuwepo? Yale maua ya zambarau je? Umenichukulia kiangazi chote, mwalimu. Sijui kipi nilikipita na kipi ulikitunga."

Chiriku alitaka kusema kwamba mti ulikuwepo, na nyuki, na maua, kila kitu, ni lile ziwa tu. Alitambua kwamba neno lake sasa halina uzito wa kumwaminisha mtu hata maua.

"Hospitalini," Kapteni aliendelea, "watu walikuwa wanapiga simu wakilia. Mume wangu anaendeleaje, mwanangu anaendeleaje. Ilikuwa rahisi kumwambia mtu anaendelea vizuri. Sikuwahi. Kama sikujua nilisema sijui, ngoja nikuunganishe na anayejua. Ndiyo ilikuwa kazi yangu yote."

Kimya kikaingia. Kilikuwa kirefu. Nje kaka mtu alikuwa anagonga tairi ambalo halikuhitaji kugongwa.

"Bado upo?" Kapteni aliuliza.

"Nipo."

"Sikuzoea."

"Nisamehe," Chiriku alisema. Hakuongeza neno.

"Nitafikiria. Nenda nyumbani."

Alikwenda nyumbani akamweleza mumewe kila kitu. Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anataka kula. Alikuwa na njia yake ya kufariji.

Kapteni alirudi kwenye matembezi Jumamosi nyingine, lakini hakutaka kiwiko cha Chiriku. Aliomba aongozwe na muuguzi mwenyewe. Chiriku alipewa kubeba sanduku la huduma ya kwanza, akawafuata nyuma, amenyamaza kama maji ya mtungini. Njia ilikuwa ya miinuko midogo katikati ya mashamba. Mbele aliisikia sauti ya dada yake, kavu kama ya wodini: "Kulia. Mguu. Mguu mwingine. Kulia. Vizuri." Ilikuwa sahihi kabisa. Kapteni hakujikwaa hata mara moja.

Walipopumzika kivulini Kapteni alisimama akageuza uso huku na huku.

"Chiriku yuko wapi?"

"Nipo hapa."

"Njoo. Huyu dada yako ananitembeza kama machela yenye mgonjwa."

"Nimekusikia," dada alisema, lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu, akalichukua lile sanduku.

Kapteni alishika kiwiko, akakibana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Sikiliza. Mimi sitaki pazuri. Nataka palivyo. Kama hakuna kitu, useme hakuna kitu. Na ukitia chumvi hata ya kubandika kidoleni, mimi na wewe basi."

"Sawa."

"Haya. Kuna nini?"

Chiriku akatazama, tena safari hii akatazama kwelikweli kabla ya kusema. "Shamba limeungua upande mmoja. Majivu mpaka kwenye mfereji. Chupa za plastiki, nyingi, mtu amezitupa. Mbuzi mmoja, mchafu, anatutazama kwa dharau." Akakazia macho mbali. "Na kule kwenye njia kuna mwanamume na mwanamke wanagombana. Sisikii wanachosema."

"Nani anashinda?"

"Mwanamke. Ameshika baiskeli, na mwanamume anaonekana ndiye anayeihitaji."

Kapteni aliangua kicheko mpaka akalazimika kushika mti. "Ona sasa! Kwa nini uninyime vitu kama hivi ukanipe mbwa anayeoga?"

Walitembea hivyo wiki zilizobaki. Si kwamba mambo yalirudi kama zamani mara moja. Kuna nyakati Kapteni alisimama ghafla na kuuliza, "Kweli?" na Chiriku alijibu, "Kweli," na walisubiri kidogo, kisha wakaendelea. Kadiri likizo ilivyokwenda, swali hilo lilizidi kuwa adimu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, kundi lilikwenda mtoni. Kapteni alitaka kuingia majini. Chiriku hakujua kuogelea na aliogopa maji yanayotembea, akalisema hilo wazi, bila kupamba.

"Basi tutakaa ukingoni, pasipo na kina," Kapteni alisema. "Kama mabibi."

Walikaa na nguo zao, maji yakiwafika kiunoni, baridi iliyowafanya wapige kelele kama wanafunzi wa darasa la pili. Chiriku alimweleza rangi ya maji, ambayo ilikuwa ya matope, na jinsi dada yake alivyosimama juu akitikisa kichwa. Hapo ndipo raba yake moja, aliyokuwa ameiweka kwenye jiwe, ilipochukuliwa na maji. Aliiona ikizunguka, ikapinda kona, ikaenda zake.

"Nini hicho? Mbona umenyamaza?"

"Kiatu changu kimeondoka."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Cha kushoto."

Kapteni alicheka mpaka akameza maji. Kisha, wakiwa wamekaa kwenye majani wakijikausha, alichukua soksi zake zote mbili, akamvisha Chiriku mguu wa kushoto, moja juu ya nyingine, akivuta kisigino kikae sawa kama mtu anayemvisha mtoto. Akavaa viatu vyake bila soksi.

Njia ya kurudi ilikuwa na changarawe, na safari hii Kapteni ndiye aliyelazimika kupunguza mwendo. Wenzao waliwapita mmoja mmoja. Chiriku alichechemea, akisema kwa kifupi: jiwe, mzizi, shuka. Katikati ya maneno hayo Kapteni alianza kumweleza habari za mgonjwa mmoja wa zamani aliyekuwa akipiga simu hospitalini kila asubuhi kuuliza tu saa ngapi, hadithi ndefu yenye kona nyingi, na mwalimu aliisikiliza bila kumkatiza. Walifika kwenye magari wa mwisho kabisa, jua limeshalegea, na dada ameketi juu ya boneti ya gari akiwasubiri kwa uso wa kukaripia.