Siku Kumi na Moja za Leroy

Selwyn aliporudi kijijini baada ya miezi minne katika nyumba ya kuachia pombe mjini Alice, katikati ya Australia, halmashauri ilimpa nyumba ya vyumba vitatu mwisho wa barabara, na bango likapigiliwa getini: hapa pombe hairuhusiwi. Bango lilifanya kazi yake barabara. Ndugu zake wote walikuwa wanywaji, na wote walishinda mtoni, kwenye mchanga mkavu chini ya mikaratusi. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga baraza yake.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwa desturi ya watu wao, Waaborijini, jina la marehemu halitajwi tena. Kwa hiyo Selwyn hata jina la kuita ndani ya nyumba hakuwa nalo.

Mchana angalau alikuwa na kazi. Kina mama wa mradi wa kupambana na ulevi walimkabidhi gari la kuni, awapelekee vikongwe. Msimamizi wao, Audrey, dada wa marehemu baba yake, alimpa sharti moja.

"Mtoni usishuke, mwanangu. Mwaka mzima."

"Hata kusalimia tu, shangazi?"

"Kule hakuna kusalimia tu. Mimi nilikwenda kusalimia mara saba."

Jumapili moja alinunua mkia wa kangaruu, akaufukia kwenye majivu ya moto mpaka ukaiva. Mkia ni chakula cha watu wengi. Alikula pingili mbili, akabaki anautazama. Mwishowe akaufunga kwenye gazeti, akashuka mtoni.

Wa kwanza kumwona alikuwa Leroy, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye utotoni walilala blanketi moja.

"Jamani, kaeni vizuri! Mchungaji kaja!"

"Nimeleta nyama," alisema Selwyn.

"Nyama tumeiona. Wewe je, unakaa?" Leroy akamsogezea kikombe cha mvinyo wa boksi. "Au siku hizi mate yetu yananuka?"

"Siyo hivyo, kaka."

"Ni hivyo hivyo. Umeshakuwa mzungu mweusi. Una geti, una bango. Kesho utafuga paka, umpe na jina."

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Selwyn naye alicheka, maana huyo paka alichekesha kweli. Kisha harufu ya mvinyo ikampanda puani, mate yakamjaa kinywani. Akainuka na kuondoka mbio mbio, hata kuaga hakuaga.

Asubuhi alimweleza Audrey. Hakumgombeza.

"Ulikunywa?"

"Hapana."

"Ulitaka?"

"Mpaka sasa nataka."

"Basi panda gari. Kuni zinasubiri."

Jumatano alimkuta Leroy ameketi nje ya geti, mikono ikitetemeka hata sigara ikamshinda kuwasha.

"Nimekuja kumwona huyo paka," alisema bila kuinua macho.

Selwyn alimwashia. "Kalala ndani. Ingia."

Leroy alikaa siku kumi na moja. Siku tatu za kwanza alitapika na kuloa jasho, na muuguzi wa zahanati alikuja asubuhi na jioni kumwangalia. Siku ya nne alikula. Siku ya sita alipanda gari la kuni, akawatania vikongwe mpaka mmoja akamrushia kandambili. Jioni walikaa barazani wakibishana nani alianguka kutoka kwenye farasi yupi, mwaka gani. Selwyn, ambaye alizoea kuiacha redio iseme peke yake ili nyumba isikae kimya, hakuiwasha hata mara moja.

Siku ya kumi na moja, baada ya chakula cha mchana, Leroy alivaa kofia yake.

"Siwezi, kaka."

"Ni kiu?"

"Kiu naiweza. Ila nakaa hapa nawasikia kule chini wanacheka, na sijui wanacheka nini."

Selwyn mwenyewe alikuwa akiwasikia tangu siku aliyorudi. Alimsindikiza hadi ukingoni mwa mto.

"Twende wote," Leroy alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Dakika tano."

"Hapana."

"Basi usinichukie."

"Nikuchukie vipi? Ukichoka, rudi. Hata kama ni kesho."

Leroy akateremka. Selwyn akasikia wakimpokea kwa vifijo na majina ya utani, mtu akipiga sufuria. Alisimama pale mpaka jua likamchoma shingo.

Nyumbani alilikunja blanketi la Leroy, akalikunjua, akalikunja tena. Ndipo akaketi sakafuni akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Audrey, aliyekuwa akipita, alimsikia. Aliingia bila kubisha hodi, akaketi bega kwa bega naye.

"Mwaka wangu wa kwanza bila pombe," alisema Audrey baadaye, "nilikuwa nawasalimia mbwa wa watu."

"Wakaitikia?"

"Mmoja."

Kesho yake Selwyn na Audrey walipakia kuni wawili tu, wakapeleka safari tatu. Leroy hajarudi. Selwyn naye hajanywa.