Upande wa Pili wa Madoa

Jumapili mchana, watu wakisharudi kanisani na kuvua viatu, Mayala fundi redio alitoa nje mashine yake ya santuri, akaiweka mezani penye kivuli cha bati, nyumbani kwake Somanda, akaiunga kwenye betri ya gari. Umeme wa ukutani hakuuamini. Alisema unayumbisha mwendo. Kisha alichukua kipande cha pamba safi ya shambani, akakilowesha kidogo, akaifuta santuri kwa kuizunguka, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Santuri zake zilikuwa za jazi iliyochanganywa na fanki. Aliachiwa na mzungu mmoja fundi wa mitambo ya kuchambua pamba, ambaye alipoondoka hakutaka kuzibeba. Majina ya Kiingereza kwenye majalada Mayala hakuyajali. Alizipa majina kwa rangi, kama wafugaji wanavyowaita ng'ombe: Nyekundu, Kijivu, Paji Jeupe. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Madoa, kwa sababu jalada lake lilikuwa na madoa ya kahawia, na kwa sababu upande wake wa pili ulikuwa na gitaa la solo ambalo yeye alisema hajasikia lingine mfano wake.

Wageni walikuwa walewale. Nyanda, mwenyekiti wa mtaa, alikaa kwenye kiti chenye mgongo. Hilali wa duka la vitambaa alikaa kwenye benchi na wengine.

"Hapo," Mayala alisema, kidole juu. "Msikilizeni mtu wa besi. Hana haraka. Ni dume linalojua njia ya nyumbani, wengine wanalifuata tu."

"Na wa kinanda?" Hilali akauliza.

"Huyo amepotea. Lakini kapotea kwa makusudi."

Wakacheka. Ndani jikoni, mke wake Milembe alikuwa anapika michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na binti yao Gloria, wa kidato cha tatu, alikuwa anaosha vyombo huku anaifuata besi kwa mwiko kwenye sufuria. Sikio la baba yake alilirithi lote.

Ukaja wimbo wa pili, likaja gitaa la solo. Siku zote lilipiga bila neno. Jumapili ile liliwasalimu wazee kwa Kisukuma. "Mwadila, banamhala," likasema, na wazee wakaitikia, maana salamu haikataliwi. Kisha likasema kwamba ng'ombe wa mahari ya Gloria wamefika. Wamelala Sola, zizini kwa mdogo wake Mayala, ili mama yake Gloria asiwaone. Shule zikifungwa mwezi wa sita, Danford wa Nyashimo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, atakuja kumchukua msichana, na asirudi tena darasani. Besi ikaingia, gitaa likaendelea kupiga kama miaka yote.

"Kisukuma chake ni cha Maswa," Nyanda akasema.

"Cha Maswa kabisa," akakubali mwingine.

Hilali alitafsiriwa, akatikisa kichwa. "Anatamka vizuri. Kila neno unalisikia."

"Msiongee juu ya solo, jamani," Mayala akasema. "Sikilizeni hapo mwishoni anavyopanda."

Milembe aliiepua sufuria ya michembe motoni. Huyo Danford alimjua: mtu mzima, ana mtoto chuoni. Hata hivyo hakuwa na hofu. Alijisemea kwamba jambo lililosemwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa limekwisha nusu. Wageni walipoondoka alimfuata mumewe.

"Baba Gloria, ng'ombe za Sola ni za nini?"

"Nani kakuambia kuna ng'ombe Sola?"

"Gitaa."

Mayala aliirudisha Madoa kwenye jalada lake. "Tatizo lako mama Gloria unasikiliza maneno. Muziki huu hauna maneno. Ndiyo sifa yake."

Gloria naye alimsubiri mama yake kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, nimesikia. Mimi sitaki. Nataka nimalize shule."

"Usiogope, mayu, mwanangu. Wazee wote wamesikia."

"Wamesikia, ndiyo. Uliwaangalia? Walikuwa wanatikisa vichwa na besi."

"Watachukua hatua tu. Mtu mzima haambiwi mara moja."

Jumapili iliyofuata watu waliongezeka, benchi ikaazimwa kwa jirani. Gitaa likasema tena, safari hii likalitaja hata dume jeupe lililovunjika pembe njiani, na aliyepokea kamba. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyetoka mbali alisema amesikia magitaa mengi maishani, lakini lenye kusema kweli waziwazi namna hii hajakutana nalo, akaomba apewe maji ya kunywa. Mdogo wake Mayala mwenyewe alikuwepo, ameketi mbele. Alipotajwa alinyoosha mkono juu kidogo, watu wamtambue.

Milembe alizidi kuwa na uhakika. Alihesabu waliosikia kama mtu anayehesabu magunia yake mwenyewe. Yeye hakuwa na haja ya kusimama mbele ya wanaume kumshtaki mumewe. Mke akisema neno kama hilo anaweza kurudishwa kwao na sanduku lake. Gitaa halina ndoa ya kuvunjika, basi acha liseme.

Mama mwenye binti, shika hapo. Hapo ndipo Milembe alipojikwaa, na alijikwaa akiwa anatembea kifua mbele.

Gloria alilirekodi lile solo kwenye simu, mama yake akaipeleka kwa afisa mmoja wa kike mwenye kushughulikia mambo ya watoto. Kwenye simu pia gitaa lilisema, tena bila kukwaruza. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akaandika "gitaa" kwenye karatasi, akaweka kalamu chini.

"Mama, huyu binti ni wako?"

"Wa kwangu wa kumzaa."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Milembe akatazama simu. "Si limeshasema?"

"Limesema, na nimelielewa. Lakini gitaa siwezi kulisimamisha mbele ya mtu likaulizwa maswali. Nahitaji mwenye mdomo. Wewe utasema?"

Milembe aliona sanduku lake likiwa nje ya mlango. Akasema atarudi. Afisa alimwambia asikawie, kisha akaomba atumiwe ule wimbo, maana hiyo besi, alisema, inamtuliza mtu.

Hakurudi. Alikuwa anangoja Jumapili ambayo mtu mmoja, hata mmoja tu, angesimama. Jumapili zikaja, pamba ikavunwa, shule zikafungwa.

Siku ya kumuaga binti walikodi maspika makubwa. Danford alifika na gari jeupe lililofungwa riboni. Mayala alivaa koti, akaifuta Madoa mbele ya wote, akaweka sindano upande wa pili. Gloria alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, gauni limemzidi mabega. Gitaa likawasalimu watu. Danford akavua kofia, akaitikia kwa heshima. Likataja ng'ombe, likataja Sola, likataja umri wa msichana na kidato chake, likasema kwamba hataki, kwamba amesema hataki, na kwamba mama yake anajua. Maspika yale yalikuwa mazuri. Lilisikika mpaka barabarani, waendesha bodaboda wakasimamisha pikipiki zao kulisikiliza.

Gloria akamgeukia mama yake. "Mama, sema na wewe."

Milembe akafungua mdomo. Watu wa pembeni wakamnyamazisha kwa adabu, kidole mdomoni, maana solo lilikuwa halijaisha.

Lilipoisha, makofi yalidumu. Nyanda mwenyekiti akasimama, akasema mtaa wake una bahati kuwa na kitu kama hiki. Gloria akapandishwa garini, mlango ukafungwa. Wageni wakaomba wimbo urudiwe. Mayala akainua sindano, akaishusha palepale mwanzoni, na gitaa likasema yote tena, vilevile, bila kuruka neno. Wakaomba tena. Mara ya tatu lilipokuwa linasema kwamba msichana hataki, gari lilikuwa limeshaiacha Somanda, na Milembe alikuwa anapita kati ya viti akigawa soda.