Bwana wa Waya Mpana

Mwenyekiti hakuwa tena mwenyekiti wa kitu chochote. Jumuiya ya wapangaji ilikuwa imempumzisha kwa kura nyingi na makofi mengi zaidi, lakini jina lilimganda, naye hakujisumbua kulibandua. Kilichosalia cha utawala wake ni diski moja nzito kama tofali, yenye hotuba zake zote, aliyoing'oa kwenye kompyuta ya ofisi siku aliyoondoka.

Asubuhi hiyo mkewe alijitwika kapu la nguo. Alikuwa mfasiri, na kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni alikuwa akitafsiri mwongozo wa usalama wa vifaa vya nyumbani. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima, na mchapishaji aliitaka kesho. Lilibaki neno moja tu lililomshinda: jina la kifaa kilichoundwa ili hata mtu mwenye kiherehere asiweze kukiharibu.

"Naenda kwa jirani kupiga pasi," alisema. Pasi yao wenyewe ilikuwa imetengenezwa na Mwenyekiti. "Kompyuta usiiguse, baba watoto."

"Niiguse ya nini?"

Geti lilipolia kujifunga, akaleta bisibisi na lile tofali lake, akazione tena hotuba zake.

Ndani ya kompyuta alikuta diski moja, nyepesi, imeunganishwa kwa waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Yake ilitaka waya mpana kama mkanda wa suruali. Bahati yake, mashine ile ilitengenezwa wakati mtindo wa zamani haujaaga na mpya umeshabisha hodi, kwa hiyo ilikuwa na matundu ya aina zote mbili. Tatizo lilikuwa kikofia kidogo cha plastiki mgongoni mwa diski yake. Karatasi iliyobandikwa hapo ilieleza: kikikaa huku, diski ni bwana, kikikaa kule, ni mtumwa.

Akampigia shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefundisha kompyuta chuoni.

"Kwenye huo waya mpana kuna diski ngapi, shemeji?"

"Yangu tu."

"Basi kikofia kiache kilivyo. Ya dada ina waya wake, hazijuani kabisa. Ila kabla hujawasha, ingia kwenye mipangilio uangalie ipi inaitwa kwanza, maana..."

"Yangu ni bwana. Bwana huitwa kwanza."

"Hayo ni ya ukumbini, shemeji. Mashine haijui itifaki."

Mwenyekiti akakata simu. Akahamisha kikofia hadi upande wa bwana, akakigandamiza kwa kidole gumba. Diski ilikuwa peke yake kwenye waya ule, haikuwa na wa kumtawala. Lakini yeye hakuwahi kuingia mahali bila kuuliza meza kuu iko wapi.

Akawasha. Kioo kikaandika: KARIBU MWENYEKITI. Nyuma ya maandishi alisimama yeye mwenyewe, kijana zaidi, ameshika kipaza sauti. Machozi yakamlenga. Mashine ilikuwa imeanza na diski yake kwa sababu kiwandani iliagizwa kuanza na waya mpana. Heshima haikuhusika.

Kisha kikatokea kijisanduku: *Diski ya pili haijafomatiwa. Ungependa kuifomati sasa?*

Enzi zake, maswali ya namna hiyo yalikuwa na jibu moja, nalo lilijulikana kabla ya mkutano. Akabonyeza Ndiyo.

Mstari wa kijani ulikuwa umefika katikati alipokumbuka kuwa kufomati maana yake ni kufuta kila kitu. Akachomoa plagi. Alipoirudisha na kuwasha tena, diski ya pili ilikuwa tupu kama ukumbi ule siku ya hotuba yake ya mwisho. Kazi ya mwaka mzima. Kesho. Akaanza kuandaa maelezo.

Mkewe aliporudi alimkuta amesimama, mikono nyuma.

"Umeme, mama watoto. Umekatika, ukarudi kwa kishindo. Diski yako imekwenda."

"Umekatika hapa tu?"

"Mtaa mzima! Hata transfoma imelia."

"Ajabu," alisema mkewe. "Pasi ya jirani haijapoa hata kidogo."

Mwenyekiti akaitoa mikono mgongoni.

"Nimeifomati," alisema hatimaye. "Iliniuliza, nikasema ndiyo." Ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote.

Mkewe akafunua mashuka yaliyokunjwa kapuni, akatoa diski iliyoviringishwa kwenye taulo.

"Yangu hii hapa. Hiyo uliyofomati niliinunua jana, haijawahi kuandikwa kitu. Wiki nzima nakuona unalipangusa vumbi hilo tofali lako, nikajua tu."

"Kwa hiyo umenitega!"

"Nimejikinga. Kukutega ningekwambia uiguse."

Akairudisha diski yake kwenye waya mwembamba, akaingia kwenye mipangilio, akaagiza iitwe kwanza. Ya mumewe ikafuata. Hotuba zilikuwepo zote, salama, hakuna aliyezifungua. Kisha akakaa akachapa.

"Lile neno nimelipata."

"Lipi?"

"Kingabwana."

Mwenyekiti akaliona kwenye kioo, limekaa vizuri kabisa katikati ya sentensi.

"Mhariri atalikataa," alisema.

"Mhariri naye ameolewa," alijibu mkewe, akahifadhi kazi yake.