Pikipiki Mkiani mwa Tela

Mzee Taratibu alipewa jina hilo kwa sababu, katika maisha yake yote ya kuendesha basi, hakuwahi kulipita gari jingine, hata lililoegeshwa. Alistaafu na mgongo mbovu na imani moja isiyotikisika: mzigo mzito hukaa nyuma, ndiyo maana basi lina buti.

Kwa imani hiyo aliipakia pikipiki mkiani kabisa mwa tela la gari lake, akaifunga kamba mpaka ikakosa pumzi.

"Mume wangu," mkewe akasema, "mbona tela limeinua pua kama linataka kupiga chafya? Isogeze mbele ya magurudumu, uzito uegemee gari."

"Mabegi ya watu nimebeba mangapi mimi?"

"Mabegi hayana injini."

"Mafundo yangu yakishafunga yamefunga." Akawasha gari.

Pikipiki ilikuwa ya binti yao, mkunga. Zahanati moja ya mbali ilitaka kumwajiri awatembelee akina mama majumbani, kwa sharti kwamba pikipiki yake ionekane kwa macho kabla ofisi haijafungwa siku hiyo. Isipoonekana, nafasi anapewa mwingine. "Baba, nakutegemea wewe tu," alisema kwenye simu. "Na tafadhali, leo kanyaga mafuta."

Mkewe alikaa mbele, na kwenye kiti cha nyuma alikaa mama mkwe, aliyetaka kumwona mjukuu wake.

Kwenye mteremko tela likaanza kukata kiuno, kushoto, kulia, hata Taratibu akalitafuta kwenye kioo asilione. Akageukia dirishani, akalikuta liko ubavuni mwake. Amepitwa na mengi barabarani, lakini si na kitu alichokivuta mwenyewe!

Kupanda kilima ikawa balaa zaidi. Mkia wa tela ukashuka, pua ikapanda, ikalinyanyua gari kwa nyuma. Magurudumu yakawa yanasaga hewa.

"Mkwe wangu," mama mkwe akauliza, "kwa nini naona utosi wako?"

Hakungoja jibu. Alishuka kwa kuruka, akaenda kukaa kwenye pua ya tela. Magurudumu yakagusa lami.

"Mama, shuka! Mkwe kwenye tela, watu watasema nini?"

"Watasema tumefika. Endesha!"

Lakini mama mkwe alikuwa mwepesi kama khanga kavu. Kila shimo lilimrusha. Kando ya barabara walikuwapo akina mama wakienda zahanati hiyo hiyo na vichanga vyao. Akawaita. Wakapanda, wakaitana, wakajazana mbele mpaka gari likakalia matako, boneti ikatazama mawingu, na Taratibu akawa anawakwepa ndege.

Hapo ujana ukamrudia. Akatoa kichwa nje: "Wa mbele songeni nyuma! Nafasi ipo! Mama wa kikapu, hatua moja! Nusu! Hapo hapo, usipumue!"

Tela likatulia kama maji kwenye beseni.

Walifika bosi wa zahanati ameshika ufunguo, binti amesimama mlangoni asifunge.

"Pikipiki iko wapi?" bosi akauliza.

Akina mama wakashuka kwa mkupuo. Tela likapiga mkia chini, pua ikaruka juu, ikalining'iniza gari na Taratibu ndani yake. Pikipiki ikabaki inatazama mbingu, imefungwa vile vile.

"Ishusheni."

Wakahangaika na mafundo. Mke alitumia kucha, binti mkasi wa kazini, bosi meno. Wapi!

Bosi akatema uzi wa kamba, akaiangalia foleni ya akina mama iliyokwisha kujipanga mlangoni. "Mimi nilitafuta mkunga wa kuwafuata akina mama," akamwambia binti. "Wewe umeniletea tela zima. Kazi umepata. Pikipiki yako hiyo isiguswe kabisa, na huyo dereva aje nayo hivyo hivyo kila siku, akina mama wakiisawazisha."

Binti akamrukia bibi yake, wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Nimefurahi sana," Taratibu akaita kutoka hewani. "Nami je?"

Mama mkwe akajifuta machozi, akaigeukia foleni. "Jamani, nani hana haraka? Njooni mkae mbele kidogo, mkwe wangu apate kushuka."