Kisoda na Jani Linalowaka

Mkuu wa maabara alishasema, na yule akisema amesema: leo mchana rafu ya mtafiti wa nyanya isafishwe, apewe mwingine. Kwa miezi mingi mtafiti huyo alikuwa akipima protini za kirusi kinachokunja majani ya nyanya, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyoonekana kuwa ndiyo inayokipa jeuri. Ilibaki moja tu, ndogo hata wenzake wakaibandika jina la Kisoda.

Jaribio lenyewe halina uchawi. Jani hudungwa jeni ngeni ya kung'aa kijani. Seli zikiitambua hupiga mbiu, zikaambizana kuna mgeni, na mng'ao ukazimwa. Upande mmoja wa jani mtafiti alikuwa ameongeza Kisoda. Ikiwa Kisoda ndiye anayeizima mbiu, upande ule ungebaki unawaka.

Aliingia chumba cha giza mbiombio, jani mkononi. Akawasha taa ya buluu. Buluu tupu, kulia na kushoto! Machozi yakamlengalenga. Alizikumbuka nyanya za mama yake zilizojikunja majani msimu mzima, na mashangazi wakimcheka mama kwamba ana mkono mbaya, akipanda kitu hakioti.

"Mkuu," aliita, "njoo uchukue rafu yako."

Mkuu akaja, akainama juu ya jani, kisha akamtazama yeye usoni.

"Mwanangu, miwani ya njano iko wapi?"

Ilikuwa kichwani, juu ya nywele. Bila miwani ile, buluu ya taa humeza kila kitu. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Akaishusha puani.

Kijani! Upande mmoja umefifia, mwekundu kama jani lolote chini ya taa ile, na upande wa Kisoda unawaka waziwazi. Akapiga kigelegele mpaka mkuu akaziba masikio, halafu mkuu naye akachungulia kwa miwani, akasahau ukuu wake, akaanza kurukaruka.

"Na rafu yangu?"

"Chukua na ya jirani!"

Akampigia mama simu papo hapo, akihema.

"Mama, nyanya zako zilijitahidi. Zilipiga kelele, kirusi kikaziziba mdomo. Nimekiona kinavyofanya! Haukuwa mkono wako, mama."

Mama akakohoa.

"Hebu rudia hilo la mwisho," alisema. "Subiri niweke sauti kubwa kwanza. Shangazi zako wote wapo hapa."