Ndevu za Urithi

Msusi mmoja, ambaye mtaani walimwita Bonge naye akaitika bila kinyongo, alikuwa akimsuka binti wa kaka yake. Alipomwinamisha kichwa nyuma ili aanzie utosini, mkono ukasita. Nywele za utosi zilikuwa zimepungua mpaka ngozi inaonekana, na chini ya kidevu vilikuwa vimechipua vinyweleo vyeusi, vigumu, ndugu wa vile alivyoving'oa yeye mwenyewe asubuhi kwa kibano.

"Mwanangu, siku zako unaziona?"

Msichana alitaka kucheka, kicheko kikagoma. "Tangu nimalize mitihani sijaziona, shangazi. Na mwili unanenepa tu, hata nikilala na njaa. Usimwambie baba."

"Baba yako nimwambie nini? Akisikia habari za wanawake, anakumbuka ghafla kwamba kuna mpira."

Kesho yake saluni haikufunguliwa. Waliongozana hospitali, msichana akatolewa damu, akapigwa picha ya tumbo. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akawakalisha wote wawili.

"Ovari zako zina vifuko vingi vya mayai yasiyokomaa," alimwambia msichana. "Si uvivu, wala si ulafi. Iko homoni inaitwa insulini, kazi yake kuuambia mwili upokee sukari. Mwili wako unajitia uziwi, basi insulini inamwagwa zaidi na zaidi. Ikizidi inahifadhi mafuta, na papo hapo inazichochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo hizo ndevu. Ndiyo maana mayai hayakomai na siku zinapotea. Na mafuta yakiongezeka, uziwi nao unaongezeka."

"Kwa hiyo sitazaa?"

"Nani kasema? Wengi tu wanazaa. Dawa zipo, na ukipungua hata kidogo, siku zinaweza kurudi zenyewe."

Bonge alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Zamani, alipokuwa mke wa mtu, mama mkwe wake alimsema mbele ya wageni: "Huyu anakula mpaka wanawe." Naye aliamini. Alijinyima chakula hata akaanguka jikoni, uzito usipungue, mimba isiingie. Mumewe alipobeba nguo zake na kuondoka, hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na lawama hiyo alikuwa ameishi nayo kama mpangaji asiyehama.

"Daktari," alisema, "na sisi tulioanza zamani, bila kuambiwa?"

Daktari alimtazama kidevu chenye alama za kibano, akaelewa. "Tukupime na wewe, mama."

Sukari ilikuwa imepanda. "Mshukuru huyu binti," daktari alimwambia. "Ungekaa nayo hivyo hivyo bila kujua, ingekufikia macho na figo. Sasa tumeiwahi."

Nje, msichana alianza kulia. "Nimekuletea balaa, shangazi."

"Balaa gani, mwanangu? Kumbe sikuwala!" Bonge alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia pale pale njiani, watu wakiwapisha. "Maisha yangu yote nilidhani niliwala."

Wakaanza dawa, wakapunguza sukari na wanga, na kila jioni wakatembea, mmoja akimsuta mwenzake kwa kuchoka mapema. Miezi ikapita. Siku moja, saluni imejaa wateja, msichana akaingia anahema.

"Shangazi, zimekuja!"

"Nini zimekuja?" mteja mmoja akauliza. "Bidhaa?"

"Mambo ya nyumbani, dada, wewe inamisha kichwa," alisema Bonge. Sukari yake nayo, wiki ile, ilikuwa imeshuka. Aliweka kitana chini, akainua viganja vyote viwili, akamshukuru Mungu kwa sauti, na wateja, ingawa hawakujua wanashukuru nini, wakaitikia amina.